Mtoto Mwenye Usonji Naye Ni Mwanafunzi

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na viongozi wa vijiji vya Wilaya za Karatu na Ngorongoro



Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule apatiwe nafasi ya darasa ifikapo mwaka 1977. Jambo ambalo awali lilikuwa limepangiwa kukamilika mwaka 1989 likavutwa mbele kwa miaka 12. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikatilia nguvu uamuzi huo kwa kumtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyetimiza miaka 7. Miaka mingi baadaye, Januari 2016, ada ya sekondari ya kawaida katika shule za umma nayo ikaondolewa, ili umaskini wa mzazi usiwe kizuizi cha mtoto.

Maneno yaliyotumika wakati wote huo ni "kila mtoto". Hayakusemwa "kila mtoto mtulivu", wala "kila mtoto anayejua kuongea". Hata hivyo, yupo mtoto ambaye katika vijiji vingi jina lake halifiki kwenye daftari la mwalimu mkuu. Mgeni akibisha hodi, mtoto huyo hupelekwa chumba cha nyuma. Wenzake wakienda shule, yeye hubaki. Wapo wanaomwita mkorofi, wapo wanaomwita bubu, na wapo wanaosema ana pepo. Mara nyingi mtoto huyo ana usonji, na mazungumzo haya yanamhusu yeye, wale wanaomlea, na shule inayomngojea au inayomkataa.

Usonji ni nini

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si wazimu, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema sana katika maisha, na ambayo humfanya mtoto aupokee ulimwengu kwa namna nyingine. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 aliowachunguza, na hapo ndipo hali hiyo ilipoanza kutambuliwa rasmi katika utabibu. Yapo mataifa yaliyodhani kuwa ni jambo la Ulaya na Marekani tu. Dhana hiyo ilionekana kuwa si kweli pale mtafiti Victor Lotter alipotangaza, mwaka 1978, kwamba aliwakuta watoto wa namna hiyo katika miji ya Afrika, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi alizozitembelea.

Dalili zake huonekana mapema kwa mwenye kuangalia. Mtoto wa mwaka mmoja huitwa jina lake asigeuke, ingawa masikio yake yanasikia. Akifika mwaka mmoja na nusu, haonyeshi kwa kidole kitu anachokitaka, bali huushika mkono wa mama na kuupeleka kwenye kitu hicho kana kwamba mkono huo ni chombo. Wengine huchelewa kuongea, wengine hawaongei kabisa, na wengine hurudia maneno waliyoyasikia bila kuyatumia kujibu. Huenda akapanga mawe kwa mstari kutwa nzima, akapepesa vidole mbele ya macho, au akakataa kila chakula isipokuwa kimoja. Sauti ambayo wengine hawaijali yaweza kumuumiza. Wavulana hutambuliwa kuwa na hali hiyo kuliko wasichana, na baadhi ya watoto huwa pia na kifafa, ambacho kina dawa na hakina budi kutibiwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa Sensa ya mwaka 2022, kila moja ya wilaya hizi 2 ilikuwa na watu zaidi ya laki 2 na nusu. Iwapo kiwango cha dunia ndicho kilichopo Karatu na Ngorongoro, basi katika wilaya hizi 2 wapo watu wapatao 4,000 au zaidi, wakubwa kwa wadogo, wenye hali hii. Hayo ni makadirio tu, wala hayawezi kuchukua nafasi ya hesabu. Hata hivyo yanatosha kuonyesha kwamba habari hii haimhusu mama mmoja mwenye bahati mbaya pale Endabash au Endulen, bali kila kata.

Lawama isiyo ya haki

Kiswahili kina methali inayosema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni methali nzuri, lakini imegeuzwa kuwa fimbo ya kumpigia mama wa mtoto mwenye usonji. Mtoto akijitupa chini sokoni siku ya mnada na kupiga kelele, watu hawamtazami mtoto, humtazama mama. Nyumbani nako ndugu wa mume huuliza ukoo wake una nini. Baadhi ya akina baba huona aibu, wakaanza kuchelewa kurudi, na mwishowe wakaihama nyumba.

Inafaa wananchi wajue kwamba hata mabingwa wa nchi zilizoendelea waliwahi kufanya kosa hilo hilo. Katika miaka ya 1950 na 1960 wapo wataalamu wa Marekani na Ulaya waliofundisha kwamba usonji huletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Akina mama wengi waliumizwa na mafundisho hayo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitangaza uchunguzi wa mapacha uliofanywa Uingereza, uliodhihirisha kwamba urithi wa mwili una sehemu kubwa katika hali hii, na nadharia ya mama mwenye moyo wa barafu ikaporomoka. Yapo pia mambo mengine yanayoweza kuathiri ubongo wa mtoto mchanga. Mwaka 2006 ilitangazwa ripoti ya uchunguzi wa watoto wachache wa Tanzania wenye usonji, na kwa baadhi yao dalili zilijitokeza baada ya malaria kali. Hiyo ni sababu mojawapo ya kumwahisha kwenye zahanati kila mtoto mwenye homa.

Chanjo haina hatia. Uvumi kwamba chanjo ya surua huleta usonji ulitokana na makala ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet la Uingereza, makala ambayo jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya laki 6 na nusu, na hawakuona kwamba chanjo hiyo iliongeza usonji. Mzazi anayemnyima mtoto chanjo kwa uvumi huo hamkingi na usonji, bali humwacha wazi kwa surua.

Hali kadhalika, mzazi aliyekata tamaa ni mtu mwepesi kuuziwa tumaini. Watu wa Ngorongoro wanakumbuka mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walipofika Samunge kunywa kikombe cha shilingi 500, magari yakijipanga kwa kilometa nyingi. Hakuna haja ya kuwacheka waliokwenda, kwa maana mwenye mgonjwa hachagui njia. Lakini kwa usonji ni lazima isemwe wazi kwamba hakuna kikombe, sindano, chale wala maombi ya kulipia yanayouondoa. Ng'ombe anayeuzwa kwa ajili ya mganga ni ng'ombe ambaye maziwa yake yangemlisha mtoto huyo huyo. Kinachomsaidia mtoto ni kufundishwa, tena mapema, kwa subira na kwa utaratibu.

Tabia ina sababu yake

Jambo linalowashinda wazazi na walimu wengi si usonji wenyewe, bali tabia zinazofuatana nao: kuuma, kupiga, kujigonga kichwa ukutani, kuvunja vyombo, kuvua nguo hadharani, kukimbia. Mtu akiziona tabia hizo huziita utundu, na dawa ya utundu inajulikana. Hapo ndipo makosa huanza.

Tabia ya mtoto asiyeweza kusema ni ujumbe. Na achukuliwe mfano wa mvulana wa miaka 9 aliyeandikishwa darasa la kwanza. Kila kengele ya shule inapogongwa, yeye huziba masikio, hupiga kelele, na humwuma mwenzake wa jirani. Mwalimu, kwa kuwalinda watoto wengine, humrudisha nyumbani. Kesho yake anauma mapema zaidi. Keshokutwa anauma kabla hata ya kengele. Mwalimu huona kwamba mtoto anazidi kuharibika, kumbe mtoto amejifunza, tena amejifunza vizuri: kengele inaumiza, na kuuma kunampeleka mahali pasipo na kengele. Somo hilo amefundishwa na shule yenyewe bila kukusudia.

Dawa yake ni kumfundisha njia nyingine ya kufikia haja ile ile. Kabla ya kengele kugongwa, mtoto aarifiwe kwa ishara anayoijua, na atolewe nje mapema pamoja na mwenzake mkubwa. Apewe kadi iliyokatwa kutoka kwenye boksi, yenye picha ya mtoto aliyekaa chini ya mti, na afundishwe kwamba akiinyanyua atapewa dakika chache za kupumzika. Kila anapoinyanyua, apewe mara moja. Baada ya muda kuuma hakutakuwa na kazi tena. Lakini mwalimu na mzazi wajue kwamba siku za mwanzo tabia ya zamani huweza kuongezeka kabla ya kupungua, kwa sababu mtoto anaijaribu kwa nguvu njia aliyoizoea. Wengi hukata tamaa siku hizo, na kwa kukata tamaa humthibitishia mtoto kwamba kelele zaidi ndizo zinazosikilizwa.

Kwa hiyo basi, mzazi na mwalimu hawana budi kuwa na daftari. Kila tabia nzito inapotokea, yaandikwe mambo 3: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na nini kilifuata. Baada ya wiki 2 daftari hilo litasema mambo ambayo hakuna aliyeyajua. Huenda ikaonekana kwamba ghasia hutokea kabla ya chakula, maana yake ni njaa. Huenda hutokea njia ya kwenda shambani ilipobadilishwa, maana yake ni kuvunjwa kwa mazoea. Na iwapo mtoto aliyekuwa mtulivu ameanza ghafla kujipiga kichwa au kulia usiku, jambo la kwanza ni kumpeleka kwa tabibu, akaguliwe meno, masikio, tumbo na choo. Mtoto asiyeweza kusema "jino linaniuma" hulisema kwa njia aliyo nayo.

Fimbo na kamba

Methali nyingine inasema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Wanaoitumia hapa hawaifikirii vizuri. Fimbo, hata kwa wanaoitetea, hudai kwamba anayepigwa ajue kosa lake na aweze kuliacha. Mtoto anayepiga kelele kwa sababu sauti inamuumiza hana kosa la kuliacha. Kwa kupigwa, huongezewa maumivu juu ya maumivu, na hujifunza kwamba mwenye nguvu hupiga. Akifika miaka 15, akiwa na nguvu za kijana, atalirudia somo hilo. Hata kanuni za shule za mwaka 2002 zinazohusu viboko ziliweka mpaka wa viboko 4, na kwa makosa mazito ya nidhamu. Usonji si kosa la nidhamu.

Kamba ni jambo gumu zaidi, kwa sababu wanaoifunga si makatili. Katika maboma ya Nainokanoka na Olbalbal, au katika vijiji vya Karatu vinavyopakana na msitu wa Ngorongoro, mtoto anayependa kukimbia hakimbilii barabarani tu. Hukimbilia kwenye nyati, tembo na fisi. Kule Mang'ola, penye mashamba ya vitunguu, ipo mifereji ya umwagiliaji, na watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji bila kuijua hatari yake. Mama anayetakiwa kuchota maji na kutafuta kuni, asiye na wa kumwachia mtoto, humfunga mguu kwenye kitanda, akaenda mbio na kurudi mbio. Anayemlaani mama huyo bila kumwangalizia mtoto hata saa moja hajamsaidia yeye wala mtoto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata hivyo, kamba haikubaliki. Huharibu mguu, huvunja utu, na moto ukizuka mtoto hana pa kwenda. Zipo njia nyingine ambazo kijiji kinaweza kuzimudu. Uzio wa miiba unaozuia simba asiingie waweza pia kuzuia mtoto asitoke. Kengele ya ng'ombe ikifungwa mlangoni humjulisha mama mara mlango unapofunguliwa. Nyumba 3 au 4 za jirani zikipeana zamu za kumwangalia mtoto, kila moja kwa saa chache, mama atachota maji kwa amani. Wachungaji na waendesha pikipiki waambiwe jina la mtoto, sura yake, mahali anapopenda kukimbilia, na namna ya kumshika bila kumtisha. Yeyote anayezuia kamba ashiriki kuleta kile kinachochukua nafasi yake.

Na asisahauliwe dada. Katika nyumba nyingi mtoto mwenye usonji anapokataliwa shuleni, binti wa miaka 10 au 12 huachishwa shule ili amlinde. Darasa lililomfungia mlango mtoto mmoja huwa limewapoteza wawili.

Lugha na mazoea

Katika wilaya hizi mtoto huzaliwa katika Kiiraqw, Kimaasai, Kidatoga, Kihadzabe au Kisonjo, kisha hukutana na Kiswahili shuleni. Wapo wazazi wanaoshauriwa waache kuongea lugha ya nyumbani na mtoto mwenye usonji ili asichanganyikiwe. Ushauri huo hauna msingi. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali haukuonyesha kwamba lugha 2 humdhuru mtoto wa namna hiyo. Bibi asiyejua Kiswahili akinyamazishwa, mtoto hupoteza mwalimu wake wa kwanza. Linalotakiwa ni maneno machache, yenye maana moja, yanayosemwa vile vile kila siku, na picha au ishara zinazofanana nyumbani na shuleni.

Mazoea nayo ni nguzo. Mtoto mwenye usonji hushikilia utaratibu kama kipofu anavyoshikilia ukuta. Mvua zinapokatika na familia ikahamisha mifugo, au inapohama kabisa, kama familia zilizotoka Ngorongoro tangu mwaka 2022 kwenda Msomera, Wilaya ya Handeni, mtoto huyu huumia kuliko wote na hawezi kusema. Aandaliwe siku nyingi kabla. Aonyeshwe picha za mahali papya zikipatikana, achukuliwe na kitanda chake, bakuli lake na blanketi lake lile lile, na ratiba ya siku ibaki kama ilivyokuwa. Wanaosimamia uhamaji wa namna yoyote waulize mapema kama nyumbani yupo mtoto wa namna hii, na shule ya huko aendako iarifiwe kabla hajafika.

Darasa linawezekana

Swali la mwisho ni la shule. Tanzania haianzi sifuri. Dar es Salaam ipo Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, ambayo ina kitengo cha watoto wenye usonji ndani ya shule ya kawaida ya umma. Lushoto ipo shule ya Irente Rainbow ya Kanisa la Kilutheri, inayopokea watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Jirani Kenya, Shule ya Msingi ya City, Nairobi, nayo ina kitengo cha usonji. Hospitali ya Taifa Muhimbili na Hospitali ya KCMC, Moshi, zina mabingwa wa watoto, na KCMC hufundisha pia wataalamu wa tiba kwa vitendo. Kwa upande wa Mbulu, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imehudumia wenye kifafa kwa miaka mingi.

Lakini jambo linalopasa kuwafikirisha viongozi wa Karatu na Ngorongoro ni hili. Chuo cha Ualimu Patandi, ambacho kazi yake ni kuandaa walimu wa elimu maalumu, kipo Tengeru, katika mkoa huu huu wa Arusha. Mwalimu aliyefundwa huko aweza kupanda basi asubuhi na kufika Karatu mchana. Kwenye barabara hiyo hiyo hupita wageni kutoka pembe zote za dunia kwenda kuliona Bonde la Ngorongoro, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Fedha hupita, walimu hupita, na mtoto yumo chumba cha nyuma, mita chache kutoka kwenye lami.

Sheria zipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kupata elimu na uangalizi maalumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mtoto huyo asome katika shule za kawaida pamoja na wenzake, isipokuwa pale mahitaji yake yanapodai njia ya pekee. Mwaka huo wa 2009 Tanzania iliridhia pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hao. Lililobaki ni utekelezaji, na utekelezaji huanza na mambo ambayo si makubwa.

Kwanza, kila tarafa ichague shule moja ya msingi ifungue kitengo: chumba kimoja kilicho mbali na kengele, chenye mlango unaofungika, uzio, choo na maji, walimu 2 waliosomea elimu maalumu, na watoto wasiozidi 10. Watoto hao wajifunze humo mambo wasiyoyaweza katika darasa la watoto 80, na kila siku wajumuike na wenzao katika yale wanayoyaweza, iwe hesabu, bustani, mpira au nyimbo. Wapo wenye usonji wanaozimudu hesabu kuliko wenzao wote, na hao wasizuiliwe kitengoni bure. Wapo watakaohitaji miaka 3 kujifunza kwenda choo, kuvaa nguo na kuomba maji. Hiyo nayo ni elimu, na kwa mtoto huyo na mama yake ni uhuru. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1967 kwamba elimu imwandae mtu kwa maisha atakayoishi. Hakuna mahali ambapo maneno hayo yana maana nzito kuliko hapa.

Pili, shule za bweni zisitumiwe kuwa jalala la watoto wanaosumbua. Katika maeneo ya wafugaji, yenye masafa marefu, bweni laweza kuwa la lazima, lakini mtoto asiyeweza kusimulia alilotendewa ni rahisi kuonewa. Bweni lisilo na walezi wa kutosha, na lisilofunguliwa kwa wazazi wakati wowote, halimfai.

Tatu, wazazi wafundishwe. Shirika la Afya Duniani limetayarisha mafunzo ya walezi yenye mikutano 9 ya kikundi na matembezi 3 ya nyumbani, na yanaweza kuongozwa na watu wasio mabingwa baada ya kuandaliwa. Yamekwisha kujaribiwa Ethiopia na Kenya. Wahudumu wa afya wa vijiji, maofisa ustawi wa jamii, walimu, makanisa na misikiti wana uwezo wa kuyaendesha.

Nne, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo asilimia 2 ni ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Mzazi anayemlea mtoto mwenye usonji kutwa nzima hawezi kwenda mbali kutafuta kibarua. Maofisa maendeleo wawasaidie wazazi hao wajue haki zao na kanuni za mikopo hiyo, ili wapate kazi inayofanyika nyumbani, kama kuku, mbuzi wa maziwa au ushonaji.

Tano, na hili halihitaji hata senti moja, mabalozi wa mashina na wenyeviti wa vitongoji wafanye tena kazi iliyofanywa zama za Elimu ya Msingi kwa Wote. Kabla shule hazijafunguliwa Januari, wapite nyumba kwa nyumba, na safari hii waulize swali moja zaidi: "Je, ndani yumo mtoto mwingine?" Waulize kwa upole, bila vitisho vya faini, kwa maana mzazi anayemficha mtoto amekwisha kuadhibiwa vya kutosha na midomo ya watu. Majina yapelekwe kwa mwalimu mkuu, kwenye kamati ya kijiji ya watu wenye ulemavu, na kwenye zahanati. Wilaya isiyo na orodha haiwezi kuomba mwalimu, na wizara isiyoombwa mwalimu haiwezi kumleta.

Ndugu wananchi, hakuna anayeahidi kwamba mtoto mwenye usonji atapona, wala kwamba mzigo wa wazazi wake utakuwa mwepesi kesho asubuhi. Wengine watahitaji kushikwa mkono maisha yao yote, na swali linalowaamsha wazazi usiku ni nani atakayewashika wao watakapokuwa wamekufa. Jibu la swali hilo linaandaliwa sasa, na kijiji kinachokubali au kukataa kumjua mtoto huyo kwa jina lake, na shule inayofungua au kufunga mlango. Orodha ya Januari ndiyo hatua ya kwanza, na kila aliyesikia maneno haya anaijua nyumba moja ya kuanzia.